Fremu ya Elina

Ti.

Kitu kidogo kilidondoka jikoni, kikabiringika sakafuni, kikanyamaza. Nilikuwa macho gizani, kama nilivyokuwa macho kila alfajiri tangu Oktoba, nikisikiliza hita ikikoroma chini ya dirisha na Dale akihema kando yangu. Mwanamke mwingine angeinuka kwenda kutazama. Mimi nilisema moyoni: kimedondoka, basi. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Kitu kikidondoka, kimedondoka.

Saa moja asubuhi kulikuwa bado giza nje. Niliwasha taa ya jikoni nikauona: msumari mwembamba, unang'aa, mfupi kama ukucha wa kidole cha mwisho, umelala chini ya kabati nilikoegemeza picha niliyonunua duka la mitumba. Nikauokota nikautia kwenye kikombe cha vifungo.

Binti yangu Britta akaja na soksi mguu mmoja.

"Mama, theluji imeanguka?"

"Imeanguka."

"Nyingi?"

"Ya kutosha."

Akapanda kiti, akala mkate wake wa siagi ya karanga, akabakiza kipande cha pembeni kama ilivyokuwa desturi yake majira yale.

"Malizia, basi la shule linakuja."

"Hicho cha Tilda."

Tilda alikuwa mwanasesere, au mtoto mwenzake wa chekechea, sikujua. Sikuuliza. Alipokwisha kuondoka nilikitupa kile kipande, nikafuta meza.

Mwezi Oktoba nilijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Alikuwa amekamilika, hata kucha alikuwa nazo. Tulimzika kabla ardhi haijaganda. Huku Duluth, kaskazini mwa Marekani, jiwe la kaburi haliwekwi majira ya baridi. Linangoja udongo ulainike, kama mwezi Mei hivi. Mchonga mawe alituambia kwa upole kwamba hana haraka, tumpelekee jina tu kabla ya theluji kuyeyuka.

Jina ndilo lililotushinda. Tulikuwa tumepanga tumtazame kwanza usoni ndipo tuchague. Tukamtazama, na jina halikuja. Baadaye Dale alichukua kitabu cha majina maktaba, akawa ananisomea mezani, na kila jina nililisikia kama la mtu anayeitwa aje kula. Nikasema hapana, na hapana, na hapana, mpaka siku moja akakifunga kitabu na kukirudisha.

Majirani walileta mabakuli ya viazi na nyama vilivyookwa. Kwetu bakuli la kupeleka kwenye msiba hubandikwa utepe wa karatasi chini, na jina la mwenyewe, ili lijue njia ya kurudi. Niliyaosha yote, nikayapindua yakauke, nikayasoma yalivyojipanga. Verna. Joyce. Ardis. Verna tena. Hata bakuli lina jina, nikawaza. Wala sikulia. Nilikausha mikono.

Verna ni jirani yetu wa nyumba ya pili. Ameendesha basi la shule mpaka akastaafu, na sauti yake bado ni ya kusikika mpaka kiti cha nyuma. Alikuja kuchukua mabakuli yake, akanikuta nimekaa na koti la kulalia saa sita mchana.

"Vaa mabuti," akasema.

"Siendi mahali, Verna."

"Sikukuuliza unakwenda wapi. Nimesema vaa mabuti. Leo Jumanne, kule duka la kanisani vitu vya vibandiko vya kijani ni nusu bei, na mimi siwezi kuinua picha kubwa peke yangu na bega hili."

Basi nikavaa mabuti. Kumkatalia kulihitaji nguvu nyingi kuliko kumfuata.

Duka lenyewe ni la mitumba, liko chini ya kanisa, kwenye chumba ambacho zamani walikuwa wakifanyia karamu za harusi. Mbele nguo, katikati vyombo, na mwisho kabisa, karibu na tanuri la kupasha jengo joto, picha zimesimamishwa sakafuni zikiegemeana kama mikate. Wengi hupita wakizitazama kwa juu: bata, mnara wa taa, bata tena. Verna alipiga magoti akaanza kuzipindua.

"Picha haitazamwi usoni, binti. Usoni itakudanganya, imepakwa ili ikudanganye. Mgongo ndio hauna haya." Akanisogezea moja. "Unaona pini za stepla? Hiyo imezaliwa jana. Hii hapa ina misumari yenye kutu, karatasi imekauka kama jani la tumbaku. Nusa."

Nikanusa. Ilinuka dari ya nyumba ya bibi yangu.

"Sasa chukua lenzi. Ukiona vidoadoa kama surua, hiyo imechapwa kiwandani, iache. Usipoviona, kuna mtu alikaa akaichora kwa mkono wake, na hakuna anayejua. Hapo ndipo mimi damu inapochemka."

Mimi damu haikuchemka. Lakini niligundua kwamba nikipindua picha, sifikirii kitu. Jumanne iliyofuata nikavaa mabuti kabla hajabisha.

Tena sikuwa mgeni kabisa. Kabla mambo hayajatokea nilisoma masomo ya jioni, historia ya sanaa, nikiwa na tumbo linalogusa dawati, na cheti changu bado kiko mlangoni mwa friji kimeshikwa na sumaku ya samaki. Mwalimu wetu alikuwa akitusimamisha mbele ya picha moja mpaka miguu iume. Tazameni, alikuwa akisema, halafu mkimaliza, anzeni kutazama. Nilipomwambia Verna alicheka.

"Ndiyo maana hao hawanunui kitu. Duka linafungwa saa kumi."

Ile picha niliipata Januari, nyuma ya ubao wa kurushia vishale. Sikuitazama usoni; nilikuwa nimefundishwa. Niliipindua. Fremu ya mbao ya zamani, nzito, pembe zake zimechongwa majani. Mgongoni, kwenye mbao yenyewe ya fremu, kibandiko kilichofifia cha fundi fremu, Lundeen, na chini yake kwa penseli: Bi. Elina Kangas, na jina la mtaa ulio juu ya gati la kupakilia madini ya chuma, kule walikokuwa wakikaa Wafini.

"Verna."

Akatambaa mpaka nilipo, akasoma, akapiga mluzi mpaka akina mama wa kwenye vyombo wakageuka. "Ina jina! Mimi napindua picha tangu Britta hajazaliwa, nimepata majina mara ngapi? Na mtaa juu yake! Elina Kangas!"

Ndipo nikaigeuza. Ulikuwa ua wa nyuma wa nyumba, theluji, na kamba ya nguo. Suruali imeganda imesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Gauni. Aproni. Shuka gumu kama mlango. Hakukuwa na mtu. Vivuli juu ya theluji vilikuwa vya bluu, na aliyechora alikuwa ameona kwamba ni vya bluu, si vya kijivu kama wote tunavyodhani. Pembeni hakukuwa na sahihi.

"Elina," nikasema, nijaribu tu.

Kitu kilisogea ndani yangu, kidogo sana, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nikajua ninachokitaka. Mwanamke aliyesimama kwenye baridi akazitazama nguo zilizoganda mpaka akaona vivuli vyake, yeye angeweza kumpa mwanangu jina. Si kitabu. Yeye. Ila nilitaka niwe na hakika kwamba ndiye.

Nilikwenda maktaba, nikafunua vitabu vya zamani vya wakazi wa mji na magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye filamu. Elina Kangas alikuwepo. Mume wake alifanya kazi gatini. Tangazo la kifo chake lilisema alishona na wanawake wa kanisa, alioka mkate uliosifiwa, aliacha binti na mwana. Kuchora hakukutajwa. Nikajiambia wanawake hawaandikiwi kila walichofanya, na hilo ni kweli, kwa hiyo lilinituliza. Mwana aliitwa Arvid, na bado alikaa kwenye nyumba ileile; nikampigia simu, akasema tuje Jumamosi na hiyo picha.

Jioni nikamwambia Dale. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo kwangu.

"Elina," nikasema. "Unalionaje?"

Mikono yake ilisimama majini. "Elina," akarudia. Akasema tena, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Nalipenda. Nimpigie mchonga mawe?"

"Ngoja kwanza nimwone mwanawe."

"Ili akwambie nini? Jina ni zuri, Marit."

"Ngoja tu, Dale. Nataka nijue ni yeye."

Akageuka akanitazama. Nilijua anatafuta usoni mwangu kitu fulani, na nilijua hakipo, nikachukua taulo nikaanza kukausha sahani.

Jumamosi Verna alitupeleka kwa gari lake, mimi mbele na picha mapajani, Britta nyuma akihesabu magari ya kukwangua theluji. Arvid Kangas alifungua mlango kabla hatujabisha. Mzee mrefu, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani, mguu mmoja wa soksi umetoboka.

"Nyinyi ndio watu wa picha. Piteni, joto linatoka. Na wewe mdogo, unakunywa kahawa?"

"Mimi nina miaka mitano," Britta akasema.

"Nimekuuliza unakunywa kahawa, sikukuuliza umri."

Britta akacheka. Mzee akampa maziwa na pande la mkate wa iliki, ule wa kusukwa kama nywele, na sisi akatumiminia kahawa bila kuuliza. Nikaiweka picha mezani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani: kwamba mama yake alikuwa na jicho, kwamba ni makosa watu hawakujua, kwamba tungependa, kwa ruhusa yake, kulitumia jina. Nikayasema mpaka kwenye jicho.

"Mama yangu?" Arvid akasema.

"Ndiyo. Elina Kangas."

"Achore?"

"Kibandiko kiko hapa nyuma, mzee wangu, kimeandikwa..."

Akaanza kucheka, mpaka akashika meza. "Dada, mama yangu alipaka rangi banda la kuku tu maisha yake yote, na hilo nalo alilipaka upande unaoonekana barabarani. Akichora! Ungemwambia akae chini atazame nguo zilizoanikwa, angekwambia zimekauka, zianue."

Verna hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya picha.

Mzee naye akaacha kucheka. Aliivuta picha karibu, lakini hakuitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye kona ya chini ya fremu, kwenye doa jeusi nililodhani ni uchafu.

"Hii hapa," akasema. "Hii niliichoma mimi. Kwa chuma cha kuchochea jiko. Nikachapwa mpaka nikalala kifudifudi." Akaendelea kupapasa. "Hii fremu ilikuwa na picha ya harusi yao. Ilikaa pale, juu ya redio. Dada yangu alipohamia Arizona alichukua picha, fremu akasema nzito, akaipeleka kanisani na masufuria. Mimi nilikuwa hospitali na nyonga. Nimerudi, ukuta mtupu."

Verna alijipiga paji la uso. "Wameioza! Ee Mungu, wameioza fremu kwa picha isiyo yake!" Akanigeukia. "Wale akina mama wa dukani. Wakipata fremu nzuri haina picha, na picha haina fremu, wanazioza kama bwana na bibi ili zinunulike. Mimi nalijua hilo, nalijua kama jina langu, lakini nilivyoona kile kibandiko akili ikaruka dirishani." Akaiinamia tena. "Lakini misumari ingesema. Ilikuwa na kutu?"

"Mmoja ulidondoka wiki hii," nikasema.

"Una kutu?"

"Unang'aa."

"Unang'aa! Fremu ya vita vya kwanza, msumari unang'aa, na hukuniambia!"

"Niliutia kwenye kikombe cha vifungo."

"Kwenye kikombe cha vifungo," Verna akamwambia mzee, kama anayemshitaki kwake. "Umesikia huyu."

Nilikuwa nikiitazama kona iliyoungua. Nilingoja nihisi kitu. Hasira, aibu, chochote. Kilichokuja ni kwamba kahawa ilikuwa inapoa, na kwamba Elina ni mama yake mtu huyu, na alioka mkate, na hakuwa wangu.

"Dada," mzee akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Picha yako ni nzuri, sikatai. Sijui una mpango gani nayo. Lakini hii mbao..."

"Ichukue," nikasema.

"Nitakulipa."

"Usinilipe. Nipe kisu cha siagi."

Nikailaza picha kifudifudi kwenye kitambaa cha meza. Misumari iliyobaki ilitoka bila ubishi, yote inang'aa. Nikaupenyeza mkono, ubao uliochorwa picha ukatoka, na mzee akaiinua fremu tupu juu, akatutazama kupitia ndani yake, Britta akampungia mkono. Mgongo wa ubao ulikuwa mtupu. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna hata alama ya penseli.

Nikaugeuza.

Fremu ilikuwa ndogo kuliko picha. Walipozioza walikuwa wameisukumiza kwa nguvu, na mdomo wa mbao ulikuwa umemeza ukanda mzima wa kando. Kamba ya nguo, ambayo siku zote niliiona ikiishia kwenye shuka, haikuishia pale. Ilikuwa inaendelea. Na baada ya shuka, pembeni kabisa, kulikuwa na shati moja la mtoto mchanga, si kubwa kuliko ukucha wa gumba, limeshikwa na vibanio viwili. Lilikuwa na kivuli chake, cha bluu.

Verna aliona, akaniwekea mkono mgongoni.

"Nani anaweza kuwa ameichora?" nikamwuliza mzee.

Alifikiri kweli, kwa heshima. "Mtu aliyekuwa na kamba ya nguo," akasema. "Mtaa huu wote ulikuwa na kamba za nguo." Akafunga mkate uliobaki kwenye karatasi, akampa Britta aubebe.

Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia. Niliiegemeza picha pale pale juu ya kabati, uchi, bila fremu, nikapasha supu ya mchele wa mwituni, ule unaoota ziwani. Dale alirudi kutoka kazini na baridi kwenye koti lake, akasimama mlangoni.

"Ilikuwaje?"

Nikamwambia yote, fremu, banda la kuku, msumari. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si Elina."

"Si Elina."

"Na aliyechora?"

"Hajulikani. Hatajulikana, Dale. Hakuna kitu nyuma."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa mikono, na baada ya kuisafisha akaendelea kuinawa. Nilitaka kwenda kumshika. Nilijua ndicho kinachotakiwa. Nilikata mkate wa iliki badala yake, kipande kwa kila mmoja.

Britta alikula chake huku amepiga magoti kitini, pua karibu iguse picha. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuipindua.

"Hii suruali ya baba," akasema. "Hili gauni la mama. Hili shuka langu, lina mkojo."

"Usiiguse, mikono ina siagi," nikasema.

"Siigusi. Na hii ndogo ya Tilda."

Kwenye ukingo wa sahani yake kulikuwa na kipande cha mkate, cha pembeni, kimewekwa vizuri upande wenye sukari juu. Nilinyoosha mkono kukichukua, kama nilivyokichukua asubuhi zote zile. Mkono ukafika, ukakaa pale hewani. Nikakumbuka nyimbo nilizosikia kupitia mlango wa chumba chake, Tilda hivi, Tilda vile, na mimi koridoni na kapu la nguo chafu, nikipita. Nikakumbuka mto mdogo anaouweka kando ya mto wake. Nikaurudisha mkono, nikaacha kipande pale kilipo.

"Britta," nikasema. "Tilda ni nani?"

Dale akafunga bomba.

Britta alitugeukia, mdomo una sukari, akatutazama mmoja baada ya mwingine kwa mshangao kidogo, kama tumemwuliza theluji ni nini.

"Tilda ni mtoto wetu."